Marehemu Anamtafuta Padre

Benchi la Knockavreen limebeba uongo mgongoni. Kuna kibati cha shaba kimepigiliwa pale kwenye egemeo: Kwa kumbukumbu ya Kitty Monaghan, aliyelipenda ziwa hili. Kitty Monaghan hajawahi kuzaliwa. Alikuwa mtu wa kwenye tamthilia ya televisheni iitwayo Padre Cormac, akafa msimu wa pili kwa kuanguka na baiskeli, na watu wa televisheni walipofungasha vyao wakaenda zao, benchi wakalitelekeza mbele ya duka la Tansey ambalo nalo lilishafungwa. Wenyeji wakalikalia. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, kuna mtu humwekea Kitty maua, na hakuna anayekubali kuwa ni yeye. Ila benchi hilo lina sifa moja ya kweli: kijiji kizima, ni hapo tu simu inaposhika mtandao. Ukisogea kidogo, upande wowote ule, milima inameza kila kitu. Mbele yake kuna kigari cha kubebea farasi ambacho Sorcha alikigeuza genge la kahawa, enzi zile mabasi yalipokuwa yakileta watalii kulitazama kanisa la Padre Cormac. Mabasi ya watalii hayaji tena. Leo Sorcha kasema anamalizia mfuko wa mwisho wa kahawa, kisha anakivuta kigari chake mpaka mji wa pwani, na mtu asimuulize maswali.

Marehemu alikuwa ameketi katikati ya benchi, simu gotini, ameifunika kwa kiganja isilowe manyunyu.

Jina lake hasa ni Mossie Tarpey, mfuga kondoo, mzee mzima wa afya. Umarehemu aliupata kwenye tamthilia. Msimu wa kwanza walitafuta mzee wa kufa kitandani, wakamwona Mossie anapita na mbwa wake, wakamwambia njoo ulale hapa, usiseme kitu, tukikuashiria usipumue. Akalala. Padre Cormac akamwinamia, akamsomea yale maneno ya kuiaga roho, na Nuala, mkewe Mossie, aliyesimama nyuma ya kamera na sahani ya sandwichi mkononi, akalia machozi ya kweli mpaka wakalazimika kumtoa nje. Jioni ile alimwambia mumewe: siku yangu ikifika, nisomewe yale maneno. Na anisomee padre, siyo wewe, wewe utayakosea.

Basi siku yake ilikuwa imefika. Muuguzi alikuja asubuhi, akamshika mkono, akasema ni leo. Nuala macho yalikuwa yameshafunga ukungu, maneno yanamtoka moja moja, na neno lililokuwa likimtoka ni padre.

— Jaribu tena, — alisema Monsinyori.

— Nimejaribu sasa hivi.

— Jaribu tena bwana. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Sasa hapo simba kaingiaje?

Monsinyori ni Packie Gilhooly, aliyekuwa dalali wa kondoo. Msimu wa tatu walimvika kanzu yenye mshipi wa zambarau, ya padre mwenye cheo, wakamwambia avuke uwanja wa kanisa, basi, avuke tu, asiongee. Akavuka. Tangu siku ile mambo ya Roma anayazungumza kama ya nyumbani kwao.

Marehemu akabonyeza. Simu ikaita, ikaita, kisha ikaja sauti ya Padre Anselm, Mnijeria anayewahudumia, ya kwenye mashine, ya upole uleule: siwezi kupokea kwa sasa, acha ujumbe, Mungu akubariki. Ujumbe alishaacha. Aliacha mwingine.

— Yuko mazishini Kilbrannock, — alisema Waya. — Nimeuliza. Simu kaizima, na ukimlaumu utakuwa mwonevu. Yule kijana ana parokia sita. Akizika Kilbrannock, Tullyroe wanasubiri ubatizo. Akifika Tullyroe, huku mtu anakata roho.

Huyu Waya ni Tadhg, aliyebeba nyaya za kamera misimu yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Hana jambo la televisheni asilolijua, na asilolijua analitunga.

— Na sisi tuliwapelekea Wanijeria mapadre kwa meli, — alisema Monsinyori. — Meli nzima nzima. Wao wameturudishia mmoja, tena na gari bovu.

— Gari ni la askofu, — alisema Waya.

— Ndiyo maana haliwaki.

— Nimepiga kwa askofu pia, — alisema Marehemu. — Inapokea mashine. Bonyeza moja kwa harusi, bonyeza mbili kwa ubatizo, bonyeza tatu kwa kukodi ukumbi.

— Na kufa?

— Kufa hakuna namba.

Sorcha akawamiminia bila kuulizwa. Mashine ya kahawa ilikuwa inakohoa. Josie alikuwa anateremka kutoka juu kwa Marehemu, amejifunga kitambaa kichwani, funguo za kanisa zinamlia mfukoni. Wanamwita Mama Funguo. Kanisa lenyewe lilishafungwa, paa linavuja, misa haisomwi humo, lakini funguo hakuna aliyekuja kuzichukua, naye hajamrudishia mtu. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu yake ya kukaa na Nuala. Knockavreen mtu anayekufa haachwi peke yake. Majirani wanapokezana kiti kilicho kando ya kitanda, huyu akiinuka yule anakaa, na kiti hakipoi. Walifanya hivyo kwa mama zao na mama wa mama zao.

— Anasemaje? — Marehemu alimuuliza kabla hajafika.

— Anaulizia. Nimemlowesha midomo. Nikamwambia anakuja.

— Umemwambia anakuja?

— Sasa ulitaka nimwambie nini, Mossie?

Josie akapewa kikombe, akatafuta nafasi pembeni ya Monsinyori, akakaa. Miguu ilikuwa inamuuma, na kahawa ya Sorcha ilikuwa ya mwisho, na mtu akishakaa kwenye benchi lile huwa ana neno la kuongeza.

Ukweli ni kwamba Marehemu angeweza kumwachia Waya ile simu akapanda nyumbani. Si mbali. Lakini angefungua mlango, Nuala angegeuza uso kule uliko mlango, angesema padre, naye angejibu nini? Miaka yote ile ya ndoa hajamtimizia mengi. Alimwahidi nyumba ya ghorofa, akampa banda la kondoo. Alimwahidi wataiona Roma, wakaishia Knock, hija ya humuhumu nchini, kwa basi, mvua inanyesha. Hili moja alitaka amtimizie. Kupanda kule mikono mitupu aliogopa, aliogopa kweli, na alikuwa anajiambia kuwa anangoja simu.

— Haya yote tumejitakia, — alisema Josie. — Tulikuwa naye padre wetu. Mzee Geraghty, Mungu amrehemu. Jumapili yuko altareni na watu wangapi? Mimi, Nuala, na wale dada wawili wa kwa Coyne. Jumanne wanakuja watu wa televisheni na misa ya uongo, kanisa limefurika mpaka mlangoni. Mpaka Waprotestanti walikuja.

— Walikuwa wanatoa chakula, — alisema Waya.

— Mzee Geraghty alikuwa anasimama nyuma, kwenye mlango wa mnara, anatazama. Nilimwona. Watu wake wamejaa, wanapiga magoti vizuri, wanaimba, na wala si yeye aliye mbele. Askofu akasikia kwamba Knockavreen Jumapili hakuna watu. Akatufunga.

— Siyo hivyo, — alisema Waya. — Mnajua kwa nini tulifungwa? Mimi nilikuwepo. Msimu wa nne, mwongozaji anataka padre apite peke yake uwanjani. Kila wakiwasha kamera, mzee Geraghty anatokea dirishani anamwagilia maua yake. Kata. Wanarudia. Anatokea tena. Mapadre wawili kwenye kijiji kimoja, mtazamaji anachanganyikiwa. Mwongozaji akapiga simu mahali. Mwezi haukuisha, mzee kahamishiwa nyumba ya wazee. Mtumai cha ndugu hufa maskini.

— Hiyo methali umeikosea mahali, — alisema Josie.

— Nimeikosea nini? Ndugu si televisheni?

— Basi mnazunguka mbuyu, — alisema Monsinyori, akaweka kikombe chini, na wote wakajua wamekwisha. — Ngojeni niwaulize. Papa akitoa baraka pale uwanjani kwake, wewe Josie uko jikoni kwako unatazama kwenye televisheni, baraka inakupata au haikupati?

— Inanipata. Kanisa limeruhusu.

— Vema. Kwa hiyo baraka inapita kwenye televisheni. Umekubali mwenyewe.

— Ya Papa. Haijasemwa ya mwigizaji.

— Televisheni inajuaje nani ni Papa? Ni waya tu. Muulize Waya.

— Ni waya tu, — Waya alikiri.

— Mossie, umemwachia Nuala televisheni?

— Iko jikoni. Nimeiwasha. Nilisema asikie sauti za watu.

— Si unaona? Na mchana wanarudia Padre Cormac. Anaweza kuwa anasomewa sasa hivi, nasi tumekaa hapa tunalia.

— Hawarudii tena, — alisema Sorcha kutoka ndani ya kigari chake, bila kugeuka. — Tangu mwaka jana hawarudii.

Marehemu alibonyeza simu. Mashine. Mungu akubariki.

Unajua mtu anayezama anavyoshika chochote. Marehemu hakuwa mpumbavu, alimjua Packie Gilhooly tangu shuleni, alijua uongo wake wote kwa majina. Lakini Monsinyori alipoinama na kuteremsha sauti, Marehemu naye aliinama.

— Kuna jambo sijawahi kulisema, — alisema Monsinyori. — Nalisema leo kwa sababu ya Nuala. Mnaukumbuka msimu wa tatu, pale Padre Cormac anapoota siku aliyopewa upadre? Amelala kifudifudi, kisha anapiga magoti, askofu anamwekea mikono kichwani?

— Nilibeba taa, — alisema Waya.

— Yule askofu alikuwa nani?

— Mzee mmoja. Wa kujaza tu.

— Wa kujaza. Mimi nilikuwa nimevaa mshipi wangu, nimeketi naye kwenye hema la chai. Mikono laini, hajawahi kushika reki. Anakula keki, anaulizwa unatoka wapi baba, anasema nimekaa sana Peru, nimestaafu, niko kwa dada yangu huku. Nikamuuliza, ulikuwa unafanya nini Peru? Akatabasamu. Nikamtazama kidoleni. Kuna alama ya pete. Pete kubwa.

— Toka hapa, — alisema Josie.

— Askofu wa kweli, Josie. Mstaafu, upweke umemzidi, kasikia kuna watu wanahitajika kanisani akaja kujaza. Na yeye ndiye aliyeweka mikono. Yale maneno hakuyasoma kwenye karatasi yao. Aliyasema kwa kichwa, kwa Kilatini, mpaka mwongozaji akafurahi. Askofu wa kweli, mikono ya kweli, maneno ya kweli, kanisa la kweli. Sasa niambieni, Lorcan Devane, aliyekuwa Padre Cormac, ni nini?

— Ni mwigizaji, — alisema Josie.

— Ni padre. Padre wa milele. Hana habari tu.

— Padre lazima akusudie. Hata mtoto wa komunyo anajua. Yule alikuwa anakusudia kulipwa.

— Na Geraghty alikuwa halipwi? Kusudi linakaa moyoni, nani kafungua moyo wa Lorcan akatazama? Yule kijana alikuwa analia siku ile. Machozi hayana hati miliki.

— Waliniambia nimpake kitunguu, — alisema Waya.

— Kitunguu kinaleta machozi, hakileti huzuni. Waya, huzuni uliiona au hukuiona?

Waya akafikiri. Mtu aliyebeba nyaya miaka yote ile hukosa ujasiri wa kusema hakuona.

— Niliiona, — alisema.

— Packie, — alisema Marehemu. — Unasema kweli?

Hapo ndipo Monsinyori alipopaswa kucheka, ampige bega, aseme aah, Marehemu, umeingia mtegoni. Siku nyingine zote angefanya hivyo. Alimtazama mwenzake, akaona lile jicho, akashindwa.

— Kweli tupu, — alisema.

— Gari la Lorcan lilikuwa kwenye nyumba yake ya ziwani tangu jana, — alisema Waya taratibu. — Anaiuza. Kaja kukabidhi funguo. Leo anaondoka, na barabara ni hii hii.

Josie alikuwa anazigeuzageuza funguo mapajani. Hakuamini hata neno moja, yeye anajua katekisimu yote. Lakini alikuwa ametoka kwenye kile kiti, amesikia lile neno likimtoka Nuala, na hakupenda kulisikia tena.

— Kanzu yake iko kanisani, sakristia, — alisema mwishoni. — Na ile kola nyeupe. Hawakurudi kuzichukua. Nazipiga pasi kila Pasaka.

— Wewe Josie unapiga pasi nguo za tamthilia? — aliuliza Waya.

— Nipige pasi za nani? — alisema Josie.

Gari la kijivu likaja polepole toka upande wa ziwa, likasimama nyuma ya kigari cha Sorcha. Wote wakainuka. Kofia zikatoka vichwani. Hakuna aliyeamrisha, ni mwili tu ulivyozoea. Marehemu alijiona amesimama na kofia mkononi, simu mkono wa pili.

Aliyeshuka alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya sufi na ndevu za siku kadhaa, kapungua, si yule wa kwenye kioo. Alipowaona wamesimama, uso ulimshuka.

— Jamani kaeni, — alisema Lorcan Devane. — Nawaomba. Mnanitia aibu. Nimefuata kahawa, nimesikia ni ya mwisho.

— Imebaki ya mtu mmoja, — alisema Sorcha.

— Basi mpe mwenye kiu.

Hakuna aliyekaa. Monsinyori alikohoa, akaanza, na alipoanza hakukatika: yule askofu wa Peru, alama ya pete, Kilatini, mikono. Lorcan alicheka mwanzoni, kama wanavyocheka watu wa mjini wakija kijiweni, wanajua hapa watapigwa kamba. Kisha akawatazama mmoja mmoja. Akaona hakuna anayecheka naye.

— Packie, yule alikuwa fundi cherehani wa Galway. Tulizungumza naye. Alikuwa amefanya kazi Peru kiwandani.

— Ndivyo alivyokuambia wewe.

— Ni Nuala, Lorcan, — alisema Marehemu. — Anaondoka leo. Anataka padre na padre hapatikani. Anataka yale maneno uliyonisomea mimi. Umekuja, umepita hapa leo, si kila siku unapita. Sijali wewe ni nini. Josie ana kanzu. Vaa, uje, umwinamie, umsomee, uondoke. Haoni tena.

— Sauti yangu ataijua.

— Ndiyo. Hiyo sauti ndiyo anayoitaka.

— Akijua ni mimi, atajua nimemdanganya.

— Nuala alijua siku ile pia, — alisema Marehemu. — Mimi nilikuwa nimelala mzima, nimetoka kula, naye alilia.

Lorcan akavua kofia yake ya sufi. Nywele zilikuwa zimemwishia katikati. Akaitazama njia ipandayo kwa Marehemu, ile nyumba nyeupe juu, moshi wa mboji, wanayoichoma huko badala ya kuni, unatoka kidogo sana dohani. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza duka liko wapi:

— Na sasa hivi nani yuko naye?

— Josie yuko naye, — alisema Marehemu.

Alisema hivyo, na Josie amesimama mbele yake na kikombe mkononi.

Marehemu alimtazama Josie. Josie alimtazama Waya.

— Breda, mkeo, — alisema Josie. — Nilimkuta getini. Anaingia na sufuria ya supu. Nikasema haya, zamu yake imefika, nikachungulia kanisani, kisha nikashuka kukuambia Mossie. Nilimwachia.

— Breda yuko kwenye basi la Sligo, — alisema Waya. — Kaenda kung'olewa jino. Alipita hapa kabla hujakaa, akaniambia sufuria kaiweka kizingitini. Alisema wewe ulikuwa unatoka kuleta mboji, unarudi sasa hivi.

— Sikuwa natoka kuleta mboji.

— Ndivyo alivyosema.

— Kwa hiyo nani yuko naye? — Lorcan aliuliza tena, wala hakuwa anamlaumu mtu, alitaka kujua tu.

Ndani ya kigari mashine ilitoa mvuke mtupu ikanyamaza. Sorcha alijifuta mikono.

— Imekwisha, — alisema.

Marehemu alikuwa ameshaondoka. Simu ilianguka kwenye majani chini ya benchi, hakuiokota. Lorcan alimfuata na gari, akamfikia kwenye kona, akamvuta ndani, na Monsinyori na Waya na Josie wakajibana nyuma, magoti kwa magoti, hakuna anayemtazama mwenzake.

Sufuria ya Breda ilikuwa kizingitini, manyunyu yametuama kwenye mfuniko. Jikoni televisheni ilikuwa inatangaza mbio za farasi, mtu anapaza sauti kwamba yule wa nje anakuja, anakuja, anakuja. Marehemu alipita bila kuizima. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo, kama Josie alivyouacha.

Nuala alikuwa amegeuza uso kule mlangoni. Mkono mmoja ulikuwa nje ya blanketi, umelala juu ya kiti cha majirani, kiganja kimefunguka, umepapasa kuona kama kuna mtu. Kiti kilikuwa kitupu. Mkono ulikuwa bado na joto kidogo, na hilo lilikuwa baya kuliko kama ungekuwa baridi.

Josie alikwenda kufungua dirisha, kama inavyopasa, roho itoke. Alifungua na kubaki pale pale amewapa mgongo. Waya alisimama mlangoni. Kule jikoni, kwenye televisheni, farasi mmoja alikuwa ameshinda, na watu wanashangilia.

— Msomee, — alisema Marehemu.

— Mossie, ameshakwenda.

— Hajafika mbali. Msomee. Mimi nitafuatisha, ili isiwe wewe peke yako uliyesema.

Lorcan hakuwa na kanzu wala kola. Alipiga magoti na koti lake la mvua, akainama, na ile sauti ikamtoka, ile ile, ambayo nchi nzima ilikuwa inanyamaza Jumapili usiku kuisikiliza.

— Toka, roho ya Kikristo, katika dunia hii.

— Toka, roho ya Kikristo, katika dunia hii, — alisema Marehemu.

— Kwa jina la Baba aliyekuumba.

— Kwa jina la Baba aliyekuumba.

— Kwa jina la Mwana aliyeteswa kwa ajili yako. Kwa jina la Roho aliyemiminwa juu yako.

Marehemu aliyafuata yote, hakukosea hata moja. Nuala angeshangaa.

— Leo hii makao yako yawe, — alisema Lorcan.

— Leo hii makao yako yawe.

Lorcan alinyamaza. Marehemu alisubiri, mdomo wazi, kama mtoto anayefundishwa.

— Yawe wapi? — aliuliza.

— Hapo ndipo walipokuwa wanakata, Mossie. Kila mara. Kamera ilikuwa inahamia dirishani. Yaliyobaki hawakuwahi kunipa.

Marehemu akamgeukia Josie, mwenye katekisimu yote. Josie alitikisa kichwa, maneno yale ni ya mapadre, mzee Geraghty alikuwa anayasema kimoyomoyo. Akamgeukia Monsinyori, mwenye mambo ya Roma. Packie Gilhooly alifungua kinywa, kile kinywa ambacho hakijawahi kukosa jibu tangu shuleni, akakifunga.

— Yawe wapi, Packie?

Packie alikuwa anatazama kofia yake.

Basi Marehemu aliuinua ule mkono taratibu, akaketi kwenye kiti, akauweka mkono mapajani mwake. Akaomba mtu akazime televisheni.